Namna ya Kulala Uwanja Mmoja na Nyati: Mwongozo wa Kambi ya Simba, Ngorongoro

Mtu akikwambia anakwenda kupiga kambi Ngorongoro, muulize kwanza amebeba soksi jozi ngapi. Akikujibu kwa kukuonyesha miwani ya jua na kofia ya pama, mkopeshe blanketi mapema, maana huyo ameziamini picha. Picha za Ngorongoro tunazozijua sote ni za mchana: majani ya rangi ya dhahabu, simba amejinyoosha, ziwa limezungukwa na heroe. Zimepigwa chini, ndani ya kreta, na chini huko siku hizi hakuna kambi. Wewe utalala juu, kwenye ukingo, karibu mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, kwenye uwanja wa nyasi uliozungukwa na msitu. Ziwa Magadi (hili la ndani ya kreta, si lile la Kajiado) litakuwa mita 600 hivi chini ya miguu yako.

Kambi yenyewe inaitwa Simba. Ni kambi ya umma: uwanja wa wazi, mti mmoja mkubwa wa jamii ya mkuyu, vyoo, mabafu, na banda la kupikia na kulia. Jina lisikukoseshe usingizi wala usilipuuze, kwa sababu simba wamewahi kupita hapo, ila wenyeji wako wa kila siku watakuwa wengine, wenye pembe.

Mwongozo huu nimewaandikia Watanzania na majirani zetu waliokwisha kuambiwa kwamba hema ni mambo ya Wazungu. Wanaolala Simba karibu kila usiku wa mwaka ni madereva na wapishi wa safari, vijana wa Ngaramtoni, Usa River na Karatu, na wanalala kwenye mahema. Hawaendi huko kujaribu ujasiri. Wameijua kanuni, na kanuni ni chache. Nataka uzijue nawe, uende, na urudi ukiwa na vidole vyote kumi vya miguu vikiwa na joto.

Baridi

Tuanze na hesabu. Ukipanda kila mita 100, joto hushuka kwa kiasi cha nyuzi 0.6. Toka Dar es Salaam hadi ukingo wa Ngorongoro umepoteza nyuzi 14 hivi, na hapo upepo na umande havijaingia kwenye hesabu. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, alfajiri ya ukingoni inaweza kukaribia sifuri. Mwana wa Tanga au Mombasa anayelala na feni mwaka mzima aisome sentensi hiyo mara mbili.

Koti la kutokea harusini halitakusaidia. Nenda Karume ukiwa Dar, au Memorial ukiwa Moshi, ukachambue mitumba. Makoti ya theluji yaliyovaliwa Ujerumani na Kanada yamelala kwenye marobota yakisubiri mtu mwenye safari kama yako, na muuzaji wa Dar kwa kawaida hana haraka ya kukukatalia bei, maana wateja wake wengi wanatafuta fulana. Chagua lenye manyoya ya bata ndani. Likandamize kiganjani kwa nguvu, kisha achia. Likivimba tena, lina uhai. Likibaki limenywea, liache hapo hapo hata kama zipu yake inang'aa. Ongeza kofia ya sufu inayofunika masikio na soksi za kulalia ambazo hutazivaa mchana. Soksi ya mchana ina jasho, na jasho likikutana na baridi ya usiku wa manane litakuamsha.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: ukiwa hemani, baridi kali zaidi inatoka chini. Mtu hujifunika mablanketi matatu, chini akaweka shuka, kisha akalalamika kwamba mablanketi ni feki. Mablanketi hayana kosa. Kinachokupasha ni hewa iliyonaswa ndani ya blanketi, na blanketi ulilolilalia umeshalikamua hewa yote kwa uzito wako. Ardhi inakunywa joto usiku kucha. Kwa hiyo gawa mali yako upya: mkeka wa plastiki kwanza, godoro la sponji juu yake, blanketi moja juu ya godoro, ndipo uingie kwenye mfuko wa kulalia. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua godoro zuri kabla ya mfuko wa kulalia wa bei mbaya.

Jiko la mkaa lisiingie hemani. Hapa sina mzaha hata chembe. Mkaa unaowaka kwenye nafasi ndogo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta akiwa usingizini hapati nafasi ya kushtuka. Hata makaa yaliyobaki na majivu juu, yale unayoyaona yamekufa, yanaua. Ukitaka joto la kulala nalo, chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu ya kuzuia kuvuja, funga kwa nguvu, ivalishe soksi, uiweke miguuni. Utailaza hapo saa tatu usiku, na alfajiri itakuwa bado ina uvuguvugu wa kutosha kunawia uso.

Soko la Karatu

Kutoka Arusha unapita Makuyuni, Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, na kufika Karatu. Hapa ndipo pa kufanya manunuzi ya mwisho. Usinunue kila kitu Arusha ukapita Karatu umefunga vioo: vitunguu vya Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, vinashushwa hapa, na ni vitunguu vinavyostahili kusimamishiwa gari.

Msalimie vizuri mama unayenunua kwake, maana atakupa ushauri bila malipo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnapanda juu?"

"Ndiyo, tunalala Simba."

"Na hayo maharage makavu mnayapeleka wapi?"

Mama anauliza swali la kisayansi. Maji ya Dar yanachemka kwa nyuzi 100. Juu ukingoni, ambako hewa ni nyepesi, yanachemka kwa nyuzi 92 hivi na hayapandi zaidi hata ukimalizia mtungi mzima wa gesi. Sufuria itatokota, mvuke utapanda, kifuniko kitacheza, na maharage yatabaki magumu. Utayasubiri hadi nyota zote zitoke. Basi yachemshe nyumbani, yagandishe, yabebe yakiwa tayari. Kule juu unayaunga tu kwa vitunguu vya Mang'ola na nazi ya pakiti. Wali nao utataka maji zaidi na uvumilivu zaidi. Ugali haukupi shida. Ndizi za kupika zinaiva bila ugomvi. Nyama ikatwe vipande vidogo.

Beba jiko la gesi la mtungi mdogo. Msitu wa ukingo haukatwi kuni, hata kijiti kilichoanguka kina kazi yake pale kilipo. Na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, isionekane kwenye gari lako. Mfuko mmoja ukipeperushwa na upepo wa ukingoni hauanguki kambini, unateremka hadi kwenye malisho ya kreta, na huko hakuna atakayeufuata.

Geti la Lodoare

Kutoka Karatu unafika hapa, mlango wa kuingilia hifadhini. Beba kitambulisho cha taifa cha NIDA. Raia hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana kuliko cha wageni wa nje, lakini lazima uthibitishe uraia wako, na uso wako peke yake si hati. Malipo yanafanyika kwa kontroo namba, kwa benki au simu, kwa hiyo hakikisha salio na mtandao viko sawa kabla hujafika. Weka nafasi ya kambi mapema, hasa Julai, Agosti na wiki ya Krismasi.

Unaposhuka kwenda dirishani, funga vioo vya gari. Vyote. Nyani wa Lodoare wamesomea tabia za wasafiri kwa miaka mingi na wanajua kwamba mtu anayejaza fomu hageuki nyuma. Watapita dirishani, watachukua mkate, na watakula mbele yako wakiwa wamekaa juu ya gari la mtu mwingine. Usiwarushie kitu, usiwanyang'anye, na kwa upendo wote usiwape chakula kwa mkono. Nyani aliyezoea kulishwa huishia kung'ata mtoto, na nyani aliyeng'ata mtoto huishia kupigwa risasi. Ukimtupia ndizi leo umemwandalia hukumu yake.

Panga kufika kambini saa kumi jioni. Geti linafungwa saa kumi na mbili, na kupiga hema gizani, kwenye ukungu, huku mtoto analia njaa na shemeji anashika kigingi upande usiofaa, ni njia ya haraka ya kuvunja undugu.

Ukungu

Ukishapita geti, barabara inapanda msituni kwa kona nyingi, na mara nyingi mnaingia ndani ya wingu. Miti imevaa kuvumwani inayoning'inia, matone yanaanguka kwenye kioo hata kama hakuna mvua. Mnafika kituo cha kutazamia kreta, mnashuka kwa shauku, mnajipanga kwa picha, na mbele yenu hakuna kreta. Kuna weupe mtupu. Hapa ndipo wengi hununa, na mimi nawaomba msinune.

Upepo wenye unyevu unaotoka upande wa Bahari ya Hindi ukifika hapa unagonga nyanda za juu, unapanda, unapoa, unageuka wingu. Upande huu wa mashariki wa ukingo unapata mvua ya milimita 800 hadi 1,200 kwa mwaka. Upande wa magharibi, unaoelekea Serengeti, unapata nusu yake hivi, na ndiyo maana kule hakuna msitu wa namna hii. Majani na kuvumwani hunasa pia matone ya ukungu wenyewe na kuyadondosha ardhini. Maji hayo yanazama, yanatafuta njia. Kijito cha Lerai kinatoka kwenye misitu ya upande wa kusini na kwenda kuunywesha msitu wa migunga ya manjano kule chini. Maji yakizidi yanafika Ziwa Magadi. Mto Munge unateremka kutoka kreta ya Olmoti na kuingia ziwa hilo hilo. Mashariki, chemchemi ya Ngoitokitok inalisha dimbwi la viboko na kinamasi cha Gorigor.

Ziwa lenyewe halina mto wa kutokea. Maji yanaondoka kwa kufyonzwa na jua tu, yanaacha magadi na chumvi, na kwenye maji hayo makali wanastawi viumbe wadogo ambao heroe huwachuja kwa midomo yao iliyopinda. Kwa hiyo ukungu uliokunyima picha ya heroe ndio unaomlisha heroe. Hema lililolowa, soksi iliyogoma kukauka, vidole vinavyouma wakati wa kuosha vyombo: yote hayo ni kazi ya msitu ikikupitia wewe njiani kuelekea ziwani. Naamini hivi kwa dhati, na ndiyo sababu ninakuhimiza ulale hapa juu badala ya kushuka kreta asubuhi na kurudi Karatu kulala. Mwenye kushuka tu ameona meza imeandaliwa. Aliyelala Simba ameingia jikoni.

Subiri kidogo pale kituoni. Ukungu wa Ngorongoro hauna msimamo. Unaweza kufunguka kwa dakika chache, ukaiona sakafu yote ya kreta, kilomita za mraba 260, na ziwa likiwa na mstari wa waridi ukingoni mwake, kisha ukafungwa tena kabla dereva hajamaliza kufuta kioo.

Mahali pa hema

Tembea kwanza, fungua begi baadaye. Angalia mavi. Ndiyo, mavi, hiyo ndiyo ramani ya kambi. Palipo na mafungu mengi ya kinyesi cha nyati kwenye mstari mmoja ni njia, na anayeitumia hatabadilisha ratiba kwa ajili yako. Usipige hema karibu na tangi la maji, kwa sababu nitakayoieleza. Usipige karibu na banda la kupikia, maana harufu ya mafuta inaita wageni. Usipige chini ya ule mti mkubwa hata kama kivuli chake kinakuvutia: usiku huhitaji kivuli, na matawi yanadondosha matone hadi asubuhi.

Mlango uupe upepo mgongo. Piga vigingi vyote, hata vile vinavyoonekana vya mapambo, na turubai la juu lisigusane na hema la ndani. Kisha acha matundu ya hewa wazi. Mtu wa baridi atataka kuziba kila tundu, naye ndiye atakayeamka amelowa akidhani hema linavuja. Ni pumzi yake mwenyewe iliyogonga kitambaa cha baridi na kurudi kwake kwa matone.

Ukimaliza, wasalimie majirani. Jioni kambi hujaa: wapishi wanatoa bisi na chai ya saa kumi, wageni wa nje wamejifunga mashuka ya Kimasai na kuuliza kama kutakuwa na umeme. Mpishi wa safari ni mtu wa kumheshimu. Mkaribie kwa adabu, "Za kazi, kaka? Usiku hapa pamekaaje?" na utajua kama nyati alikuja jana, upande gani, na saa ngapi.

Spika ibaki nyumbani. Wako vijana wanaopanda Ngorongoro na spika yenye taa za rangi, wakaifungulia bongo fleva hadi msitu ukatikisika. Wanakosea mara tatu. Wanawanyima usingizi wapishi wanaoamka saa kumi usiku. Wanawafukuza wanyama ambao kila mtu amelipa kuja kuwa karibu nao. La tatu ndilo zito: usiku wa Simba unalindwa na masikio yako, na ukiyajaza besi hutajua nani amesimama nyuma ya gari.

Nyati

Sasa mwenye uwanja. Nyasi za Simba ni fupi na laini, na nyati anazipenda. Mara nyingi ni dume mzee, pembe zimechakaa, tope limekauka mgongoni. Ametengana na kundi, miguu yake haina mbio za zamani, hana wenzake wa kumlinda, kwa hiyo akishtuka huchagua kupambana kuliko kukimbia. Hivyo basi kazi yako yote ni kutomshtua.

Utamsikia kabla hujamwona. Kwanza nyasi: ulimi unazungushwa, fungu linakamatwa, linavutwa, na sauti ya kung'oka inapita kwenye kitambaa cha hema bila kupungua. Kisha meno yanasaga, taratibu, mzee asiye na haraka. Kisha pumzi nzito ya puani. Kimya. Kwato moja inasogea, unyasi unang'oka tena, karibu zaidi. Akiwa karibu kabisa utasikia tumbo lake likinguruma, na harufu ya ng'ombe na tope bichi itaingia kwenye yale matundu niliyokuambia uyaache wazi.

Adabu ya kumpokea ni hii. Lala ulivyo. Hema lililofungwa zipu, wanyama wengi hulichukulia kama kichuguu: kitu cha kuzungukwa. Usiwashe tochi, kwa sababu kichuguu hakiwaki. Usinong'one "jamani, yupo hapa," kwa sababu mkeo amemsikia pia na mtoto ndiye pekee aliyelala. Usifungue zipu sentimita mbili ili umpige picha. Simu itatoa mwanga na nyati hatajua kwamba ulikuwa na nia njema. Vuta pumzi, hesabu matafuno yake, mshukuru Mungu kwamba uko hai katika nchi ambayo jambo hili bado linatokea. Atakula atakachokula na atahamia kwa jirani.

Tembo ni habari nyingine. Wako madume waliojifunza kunywa maji kwenye tangi la kambi, na hufika hata mchana kweupe wageni wakiwa wanapika. Mkonga unaingia, unavuta, unarudi mdomoni. Hapo kila mtu anarudi nyuma hadi kwenye banda au gari, bila mbio na bila kelele, na anabaki huko hadi mwenyewe atosheke. Machungwa, ndizi na maembe visilale hemani kamwe. Pua ya tembo inayapata kirahisi, na kitambaa cha hema hakimzuii kuyachukua.

Fisi na nguruwe pori hupitia mabaki usiku. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, takataka ziende zinapotakiwa, chakula kifungiwe garini. Viatu viingie ndani ya hema, hasa vya ngozi. Fisi hutafuna kiatu na kukibeba, na soko la karibu la viatu liko Karatu.

Haja ndogo ya saa nane usiku

Nimeiacha peke yake kwa sababu ndiyo inayowatesa watu kuliko wanyama wote. Chai ya tangawizi ya saa tatu usiku ndiyo inayowakutanisha watu na nyati saa nane. Funga kunywa saa moja, nenda chooni saa tatu kwa pamoja, kikundi kizima na tochi zote.

Ikishindikana, beba kopo lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, na uliandike kwa kalamu nzito lisije likachanganywa na chupa ya maji. Ukilazimika kutoka, fungua zipu kidogo na umulike polepole, mzunguko mzima, nyuma ya hema pia. Macho yatakuakisia mwanga. Yakiwa chini, yakirukaruka na kukimbia, ni mdogo wa watu. Yakiwa kwenye kimo cha kifua chako, yametulia na yanakutazama, funga zipu na ulirudie kopo. Usitoke peke yako, usimtume mtoto, na usione haya kumwamsha mwenzako. Ukiwa na wasiwasi, askari wa kambi waulizwe mapema jioni. Wanaijua hali ya usiku kuliko sisi sote.

Asubuhi na kushuka

Kushuka kreta kunahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na mwongozaji mwenye kibali, na kunalipiwa. Ukishuka saa kumi na mbili asubuhi kwa njia ya Seneto, angalia twiga kwenye migunga kabla ya mteremko, kwa maana ndani ya kreta hutawakuta. Chini huko kuna faru weusi. Ndiko alikoishi faru Fausta, aliyefariki Desemba 2019 akiwa na miaka 57. Ukila chakula cha mchana Ngoitokitok, kula ndani ya gari. Mwewe wa pale hushuka kutoka nyuma ya kichwa na kuondoka na paja la kuku likiwa bado njiani kuelekea kinywani mwako, na kucha zake hukwangua vidole.

Njiani utakutana na wafugaji. Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, lilianzishwa 1959 likitengwa na Serengeti ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa katikati ya miaka ya 1970, na tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni, katika mpango wa serikali uliozua mabishano makali. Wewe unalala usiku mmoja mahali ambapo wengine walizaliwa. Salimia: ukiambiwa "Sopa," jibu "Epa." Usimpige mtu picha kutoka dirishani, omba. Akikataa, umejibiwa.

Hema utalikunja likiwa limelowa, halina jinsi. Likung'ute, likunje bila kulikaza, na ukifika nyumbani lianike siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nne usiku na kamba pekee iliyopo ni ya jirani. Likikaa na unyevu ndani ya begi wiki moja litaota kuvu na kunuka, na utalihitaji bado. Kaskazini mwa nyanda hizo hizo kuna Empakaai, kreta nyingine yenye ziwa lililojaza karibu nusu ya sakafu yake, ambamo unashuka kwa miguu msituni ukiongozwa na askari mwenye bunduki. Ukingo wake ni wa juu zaidi na baridi yake ni kali zaidi. Koti la manyoya ya bata usiligawe.